Kutega kamera msituni: mwongozo kamili wa kufuatilia wanyamapori wa hifadhi mwaka hadi mwaka

Mwaka 2003, kamera iliyofungwa kwenye mti katika Milima ya Udzungwa ilimpiga picha minde. Minde ni swala wa msituni mwenye kilo zaidi ya hamsini, anaishi Tanzania peke yake, na wenyeji wa milima ile wanamjua tangu zamani. Hata hivyo kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa huru porini. Miaka miwili baadaye, katika msitu wa Ndundulu wa milima hiyohiyo, kamera ikamnasa sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote cha kitaalamu. Mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*, gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana.

Habari za namna hiyo ndizo zinazowavuta watu wengi kwenye kamera za kutega, yaani kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Mimi nataka kueleza kazi nyingine isiyo na shangwe hiyo: kujua kama funo (swala wadogo wa msituni) wa hifadhi yako wanaongezeka au wanapungua. Kwa kazi hiyo picha moja ya ajabu haikusaidii. Unachohitaji ni kamera zilezile, mahali palepale, msimu uleule, kwa idadi ileile ya siku, na daftari linaloonyesha hata kamera ambazo hazikuona kitu.

Anza na swali, kamera baadaye

Kabla ya kununua chochote, andika sentensi moja: unataka kujua nini, kuhusu mnyama gani, katika eneo gani, kwa miaka mingapi. "Kuona wanyama waliopo" ni orodha, na orodha inahitaji mpango wake. "Kujua kama wanyama wa ardhini wa msitu huu wanapungua katika miaka mitano" ni ufuatiliaji, na ndio ninaouzungumzia hapa. "Kujua chui ni wangapi" ni swali la tatu, nalo lina mtego wake wa pekee nitakaougusa mbele.

Kumbuka pia kamera inaona nani. Kamera ya usawa wa goti itakuletea funo, nguruwe pori, nguchiro, kanu, fungo, nungunungu, panya buku, sange, nyegere, muhanga, chui, nyati na tembo. Mbega na nyani wengine wa juu ya miti itawakosa karibu wote, isipokuwa wanaopenda kushuka, kama mangabei wa Sanje ambaye hutafuta chakula chake chini kwa muda mrefu wa siku. Usije ukaandika kwamba mbega ni wachache kwa sababu kamera haikuwaona.

Vibali, na mazungumzo ya kijijini

Tanzania, utafiti wa wanyamapori hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ndani ya hifadhi ya taifa TANAPA, shirika la hifadhi hizo, lazima ihusike. Kenya utazungumza na NACOSTI (tume ya sayansi), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori). Anza mapema, usipange kuingia msituni Julai kwa maombi uliyoyapeleka Juni.

Halafu nenda vijiji vinavyopakana na hifadhi. Hapa neno lenyewe lina uzito. Ukisema "tunatega" mbele ya watu ambao ndugu zao wamewahi kukamatwa kwa kosa la kutega mitego ya waya, wataelewa vingine, au watadhani unawatega wao. Chukua kamera moja mkononi, ifunge kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji, waache watoto wapite mbele yake, kisha waonyeshe picha. Nusu saa hiyo itakuokolea kamera nyingi kuliko kufuli.

Sema wazi pia picha za watu zitafanywa nini. Kamera itawapiga akina mama waliokwenda kuni, wavuvi wa mtoni, na pengine majangili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kubaliana na uongozi wa hifadhi kwa maandishi: nani anaziona picha za watu, zinatunzwa muda gani, lini zinafutwa. Msimamo wangu ni kwamba kamera iliyoombewa kibali cha kuhesabu wanyama isigeuzwe kimyakimya kuwa kamera ya kukamatia watu. Ikigeuzwa, mwaka unaofuata zitaibwa zote, na data yako itaishia hapo.

Ramani kabla ya mguu

Kosa la mtu mwenye hamu ni kutega pale anapojua wanyama wapo: kwenye chemchemi, kwenye mti wenye matunda, kwenye njia kuu ya tembo. Utapata picha nyingi, lakini hazitasema lolote juu ya msitu mzima, na mti ule ukiacha kuzaa utadhani wanyama wamekufa.

Chora gridi juu ya ramani. Mtandao wa kimataifa wa TEAM, wa kufuatilia misitu ya tropiki, ulioanza kazi Udzungwa mwaka 2009, ulitumia kamera 60, moja kwa kila kilomita 2 za mraba, kila moja ikikaa siku 30 wakati wa kiangazi. Hiyo ni kamera kila baada ya kilomita 1.4 hivi, na jumla ya eneo la kilomita 120 za mraba. Ukubwa huo wa mraba unafaa wanyama wa msituni wenye maeneo madogo. Kwenye mbuga ya wazi nafasi huwa kubwa zaidi: mradi wa Serengeti ulioanza mwaka 2010 ulisambaza kamera 225 katika kilomita 1,125 za mraba, yaani moja kwa kila kilomita 5 za mraba.

Huna kamera 60? Wengi hawana. Kamera 20 zinatosha ukigawa eneo katika makundi matatu, ukatega kundi la kwanza siku 30, ukahamia la pili, kisha la tatu. Mzunguko wote uishe kabla mvua hazijaanza. Mahali pa kuanzia gridi pachaguliwe kwa bahati nasibu, na hesabu za GPS za kila pointi ziandikwe kabla ya kutoka ofisini. Mkifika kwenye pointi, mna ruhusa ya kutafuta mapito ya wanyama ndani ya mita 100. Zaidi ya hapo mnaanza kuchagua mnachokipenda.

Vifaa

Wazo la mnyama kujipiga picha mwenyewe si jipya kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na unga wa kumulika, na baadhi ya picha zake za usiku zilipigwa na mnyama mwenyewe kwa kugusa kamba. Leo kamba imechukuliwa na kihisi cha joto.

Chagua kamera inayoamka haraka, chini ya nusu sekunde, kwa sababu nguchiro hangoji. Mwanga wa infraredi hauwashtui wanyama sana, lakini picha za usiku zinakuwa nyeusi na nyeupe. Mwanga mweupe hutoa rangi, na rangi ndiyo inayokutofautishia wanyama wadogo wanaofanana. Muhimu kuliko yote, kamera zote ziwe za aina moja na zibaki za aina hiyo miaka yote. Ukibadilisha aina katikati, hutajua kama wanyama wameongezeka au kihisi kimekuwa kikali zaidi.

Kwa kila kamera beba betri mpya za aina moja (usichanganye nzee na mpya), memori kadi mbili zenye namba, mkanda imara, kufuli, na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Kwa timu: GPS, dira, panga, tepu ya kupimia, ubao mdogo mweupe na kalamu yake, fomu za karatasi na penseli. Wino hulowa, penseli hailowi.

Kufunga kamera

Hapa ndipo msimu unapofanikiwa au kuharibika, na hapa sipendi haraka. Kamera tatu kwa siku katika msitu wa mteremko ni kazi nzuri.

Kwanza elewa kihisi. Hakioni mnyama, kinahisi joto linalosogea mbele ya ardhi yenye joto tofauti. Kwa hiyo mnyama anayekatiza mbele ya kamera hunaswa vizuri kuliko anayeijia moja kwa moja, na mchana wa jua kali, ardhi ikiwa na joto kama la mwili, kamera hukosa wanyama wengi. Majani yaliyopigwa na jua nayo yakitikiswa na upepo huiamsha bure.

Tafuta mti wenye unene wa paja, usiotikisika, mita 2 hadi 4 kutoka katikati ya mapito. Funga kamera sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini. Watu wengi hufunga usawa wa kifua kwa sababu ndipo mikono inapofika, kisha wanashangaa kukosa sange na kupata migongo ya nguruwe. Kwenye mteremko, inamisha kamera ifuate mlalo wa ardhi kwa kuweka kijiti nyuma yake, la sivyo nusu ya picha itakuwa mbingu au udongo.

Elekeza lensi kaskazini au kusini. Huku kwetu karibu na ikweta, kamera inayotazama mashariki au magharibi itapigwa na jua usoni kila siku, asubuhi au jioni, na hizo ndizo saa za wanyama. Igeuze kidogo isitazame mapito kwa pembe mraba kabisa, ili mnyama akae muda mrefu zaidi mbele ya kihisi.

Fyeka majani marefu mbele ya kamera, lakini fyeka kidogo. Ukifungua uwanja, wanyama waoga watapita nyuma ya mti wako. Usiweke chambo chochote, wala mahindi wala samaki: ukiweka unapima njaa na pua za wanyama badala ya matembezi yao ya kawaida.

Halafu mipangilio. Kihisi kwenye kiwango cha juu, picha tatu mfululizo kila kinapoamka, bila muda wa kupumzika kati ya matukio. Saa na tarehe zihakikiwe na watu wawili, mmoja akisoma kamera, mwingine GPS. Nasisitiza kwa sababu msimu mmoja nilikaribia kupoteza kazi ya kamera sita. Betri zilibadilishwa msituni, saa zikarudi tarehe 1 Januari, na kwenye kompyuta tukakuta panya buku wanatembea saa sita mchana. Kilichotuokoa ni ubao: picha ya kwanza ya kila kamera ilikuwa ya mtu ameshika ubao wenye namba ya pointi, tarehe na saa halisi. Tukapima tofauti, tukasahihisha picha zote. Tangu hapo hakuna kamera ninayoiacha bila picha ya ubao mwanzoni, na nyingine siku ya kuitoa.

Mwisho, mtu mmoja apite mbele ya kamera akitembea kwa magoti na mikono, urefu wa funo, katika mapito yenyewe, mita mbili, nne, kisha sita. Angalieni taa ya majaribio inawaka wapi, muandike umbali huo kwenye fomu. Andikeni pia aina ya msitu, mteremko, na mlivyofika, maana mtakaporudi mwakani pengine ranja aliyeijua njia atakuwa amehamishwa kituo.

Siku 30 za kuacha

Usizitembelee. Kila ziara huacha harufu na kuchonga njia ya binadamu hadi kwenye kamera. Kagua katikati tu kama kamera imefungwa mahali penye tembo, ambao hupenda kuzing'oa na kuzikanyaga, au kama una kadi ndogo. Siafu, mchwa na sisimizi hutengeneza makazi ndani ya kasha. Buibui hufuma utando mbele ya lensi na kukupa mamia ya picha za uzi mweupe usiku. Hakuna dawa kamili ya hayo. Usipulize dawa ya wadudu kwenye kasha, kwa sababu wanyama wanainusa.

Siku ya kutoa, kabla ya kufungua chochote, pita tena mbele ya kamera. Picha hiyo ni ushahidi kwamba ilikuwa hai hadi siku hiyo. Isipojipiga, tafuta picha yake ya mwisho na uandike tarehe: kamera iliyokufa siku ya 18 imefanya kazi siku 18, si 30. Kamera iliyofanya kazi siku zote 30 bila kumwona mnyama hata mmoja nayo iandikwe kwa heshima ileile. Sifuri hiyo ni taarifa.

Kutoka kwenye kadi hadi kwenye jedwali

Nakili kila kadi sehemu mbili siku hiyohiyo, kabla ya kulala, na diski hizo zisisafiri kwenye begi moja. Folda iwe na jina la mwaka, kundi na pointi. Usibadilishe wala kufuta picha za asili.

Kuzipitia picha ndiko kunakochosha. Programu ya MegaDetector, isiyolipiwa, hutenganisha picha tupu na zenye mnyama, mtu au gari, na inaweza kukupunguzia kazi kwa kiasi kikubwa. Jukwaa la Wildlife Insights linapendekeza hata jina la mnyama. Tumia vyote, lakini majina yathibitishwe na mtu anayewajua wanyama wa mahali penyewe. Mashine iliyofundishwa kwa picha za dunia nzima haijawaona minde wengi. Mahali ambapo hata wewe huna uhakika, andika "swala mdogo, hajatambuliwa". Jina la kubahatisha lina madhara kuliko pengo.

Jedwali lako linahitaji pointi, tarehe, saa, spishi, idadi ya wanyama kwenye picha, jina la aliyetambua. Pembeni yake jedwali la pili: kila kamera, siku iliyowashwa, siku iliyozimika. Watu husahau hili la pili, na bila hilo la kwanza halihesabiki. Mnyama yuleyule akila mbele ya kamera dakika ishirini atakupa picha mia. Kwa hiyo picha za spishi moja kwenye kamera moja ndani ya saa moja zihesabiwe kuwa tukio moja.

Hesabu: picha si idadi ya wanyama

Kipimo rahisi ni matukio kwa kila siku-kamera 100 (siku-kamera moja ni kamera moja iliyofanya kazi siku moja). Tuseme ulitega kamera 60 kwa siku 30, tatu zikafa tangu mwanzo. Una siku-kamera 1,710. Ukipata matukio 45 ya fungo, gawanya 45 kwa 1,710, zidisha kwa 100: 2.6. Namba hiyo haisemi kuna fungo wangapi. Fungo mmoja anayetembea sana anaweza kukupa matukio ya watatu wanaolala. Usiitumie kulinganisha fungo na funo, maana wanatembea tofauti na wananaswa tofauti.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa ufuatiliaji ni sehemu ya eneo ambayo mnyama anaitumia, iliyosahihishwa kwa uwezekano wa kumkosa. Fuata mfano. Kamera 60, nguchiro ameonekana kwenye 24, yaani asilimia 40. Gawanya siku 30 katika vipindi sita vya siku tano. Tuseme pale nguchiro alipo, kamera humnasa katika vipindi 3 kati ya 10, uwezekano wa 0.3. Uwezekano wa kumkosa vipindi vyote sita ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara sita, karibu 0.12. Kwa hiyo zile 24 ni asilimia 88 tu ya mahali alipo. Ukweli ni karibu 27, asilimia 45.

Sasa mwaka unaofuata vichaka vimekuwa vizito na uwezekano umeshuka hadi 0.2. Kumkosa mara sita kunakuwa 0.26. Nguchiro wakiwa bado mahali 27, utawaona kwenye 20 tu. Asiyesahihisha ataandika kwenye ripoti kwamba nguchiro wamepungua kutoka 24 hadi 20, hifadhi itashtuka, na hakuna nguchiro aliyepungua. Programu ya takwimu ya R, kwa vifurushi vya camtrapR na unmarked, hufanya hesabu hii bila malipo. Jifunze, au tafuta mwanafunzi wa chuo anayeijua na umweke jina lake kwenye ripoti.

Idadi halisi ya wanyama inawezekana kirahisi kwa wale wenye alama za pekee. Madoa ya chui ni kama alama za vidole, na mtafiti K. Ullas Karanth alitumia michirizi ya chui-milia huko Nagarahole, India, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1995. Hapo unahitaji kamera mbili zinazotazamana katika kila pointi, kwa sababu ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, na nafasi kati ya pointi kubwa zaidi kuliko ile ya gridi ya funo. Gridi moja haiwezi kukujibia maswali yote mawili vizuri.

Unapotoa ripoti, ondoa GPS za pointi zilizowaonyesha wanyama wanaosakwa na majangili. Picha nyingi hubeba taarifa za mahali ndani yake, kwa hiyo zisafishe kabla ya kuziweka mtandaoni au hata kwenye kundi la WhatsApp.

Mwaka wa pili

Rudi mwezi uleule, kwenye mti uleule, kwa urefu uleule. Chukua picha za mwaka jana kwenye simu usimamishe kamera hadi jiwe na shina vikae mahali vilipokaa. Mti ukiwa umeanguka, tafuta mwingine karibu iwezekanavyo, uupe pointi namba ileile yenye herufi B, na uandike sababu. Mapito yakiwa yamekufa na wanyama wamefungua mengine mita thelathini kutoka hapo, utashawishika kuyafuata. Usiyafuate. Acha kamera palepale, na uandike kwenye daftari kwamba wamehama.